Bren si jina la mtu, na "nyepesi" si hesabu ya kilo

Katika chumba cha silaha za kale ninachokitunza ipo Bren moja, rashasha nyepesi ya jeshi la Uingereza, juu ya meza, miguu yake miwili imekunjuliwa na magazini yake iliyopinda imesimama juu ya mwili wake kama pembe. Imekwisha kulemazwa, haiwezi tena kufyatua kitu, hivyo wageni huruhusiwa kuinyanyua. Haipiti wiki bila mmoja wao kuinyanyua, kukunja uso, kuirudisha mezani na kuniuliza: "Hii nayo ndiyo wanaiita nyepesi?" Swali hilo nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka, na sasa nalijibu kwa maandishi pamoja na mengine machache yanayoandamana nalo.

"Rashasha nyepesi ni ile yenye uzito mdogo"

Dhana hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu anayeishika hukosea kila kitu kinachofuata. Anadhani majeshi yalipanga rashasha kwa mizani, kana kwamba kulikuwa na kilo fulani ambazo silaha ikizivuka inahama daraja. Majeshi yaliuliza maswali mengine kabisa: silaha itatembea na nani, itahudumiwa na watu wangapi, itakaa juu ya nini inapopiga, na itaweza kupiga kwa muda gani kabla ya kulazimika kupumzishwa.

Tuichukue Bren yenyewe. Mk I, yaani toleo lake la kwanza, ina uzito wa takriban kilo 10. Askari mmoja aliibeba, akalala nayo kifudifudi na kuipiga, huku mwenzake akimpa magazini na kumbadilishia mtutu unapopata moto, nao askari wengine wa seksheni, yaani kikosi chao kidogo, wakigawana mzigo wa magazini zilizobaki. Ilikuwa na uwezo wa kutoa takriban risasi 500 kwa dakika, lakini magazini ya risasi 30 kwa mwendo huo huisha katika muda usiofika sekunde nne, kwa hiyo mpigaji aliyefunzwa vizuri aliipiga kwa mafungu mafupi. Sasa iweke kando ya Vickers. Zote mbili zilikula risasi ileile ya .303, zote zilikuwa za jeshi moja, na bado Vickers ilihesabiwa kuwa rashasha ya kati. Ilipozwa kwa maji, ililishwa kwa ukanda wa risasi 250, ilisimama juu ya miguu mitatu ya chuma inayozidi kilo 20, na ilihitaji timu nzima ya kuibeba vipande vipande. Baada ya taabu hiyo iliweza kupiga kwa saa kadhaa bila kukatika, jambo ambalo hakuna mwenye akili timamu angelitarajia kwa Bren. Bren ilikwenda mbele na seksheni. Vickers ilikaa mahali pake na kufunika eneo zima kwa risasi. Tofauti hiyo ya kazi ndiyo iliyozaa tofauti ya jina.

Anayebaki na shaka aitazame MG 08/15 ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Walichukua Maxim yao ya mwaka 1908, wakaiondoa kwenye kiti chake cha chuma, wakaipa kitako cha begani na miguu miwili, wakaiacha na mfuko wake wa maji, kisha wakaiita nyepesi. Ilikuwa na kilo zipatazo 18 kabla ya kutiwa maji! Lakini iliweza kuwafuata askari wa miguu wanaposonga mbele, na hilo ndilo walilolitaka. Kwa upande wa pili, M1918A2 ya Marekani, ile iitwayo BAR, ina uzito wa karibu kilo 8.8, na Bren Mk III nayo ina karibu kilo hizohizo. Ziweke kwenye mizani na mshale hautajua ipi ni ipi. Hata hivyo Wamarekani waliiandika BAR kuwa bunduki ya kujifyatua yenyewe, wala si rashasha, kwa sababu ilizaliwa kama bunduki ya mtu mmoja, magazini yake ilikuwa na risasi 20 tu, na mtutu wake haukutengenezwa wa kubadilishwa haraka vitani.

Hapo mgeni mjanja huniambia kwamba basi miguu ndiyo inayoamua: miwili ni nyepesi, mitatu ni nzito. Amekaribia, lakini hajafika. Wajerumani walipoingiza MG 34 katika miaka ya 1930, bunduki ileile moja ikiwa juu ya miguu miwili waliiita rashasha nyepesi, na ikipandishwa kwenye miguu mitatu wakaiita nzito, na hapo hoja ya mgeni inasimama. Lakini Bren nayo ilikuwa na miguu yake mitatu kwa ajili ya kupiga usiku kwenye mstari uliopangwa tangu mchana, na ilipopandishwa juu yake haikupanda cheo. Ilibaki rashasha nyepesi ya seksheni, kwa kuwa bado ililishwa magazini baada ya magazini na bado haikuweza kudumisha moto kama Vickers. Ukanda wa risasi wa MG 34 ndio ulioipa haki ya kufanya kazi mbili.

Warusi walisema kwa uwazi zaidi: wao walikuwa na rashasha ya mkononi, kama ile DP ya Degtyaryov, na rashasha ya kitini. Wafaransa waliiita ya kwao bunduki-rashasha, jina linalokiri kwamba silaha hiyo inasimama kati ya mambo mawili. Laiti Kiingereza kingefuata mojawapo ya njia hizo, mimi ningepumzika.

Na sisi tunaoandika kwa Kiswahili tusijione bora. Wazee wetu walikuwa na neno bombomu kwa kila kitu kilichotema risasi mfululizo, na leo rashasha ni neno tunalolitumia kwa AK na kwa Maxim bila kubagua. Magazeti nayo yameizoea SMG, herufi ambazo kwa asili ni za silaha inayotumia risasi za bastola, yakaibandika AK, ambayo haitumii risasi hizo. Ndiyo maana kuna wanaosimama mbele ya Bren yangu na kuwaambia watoto wao kwamba hiyo ni SMG kubwa. Ushauri wangu kwa mwandishi yeyote ni kwamba asiandike "rashasha" peke yake. Aseme ni ya seksheni au ya timu, ya magazini au ya ukanda, na msomaji ataelewa zaidi kuliko kwa herufi tatu za kuazima.

"Bren ni jina la aliyeibuni"

Kosa hili nalisamehe upesi, kwa sababu jirani zake wa rafu ndio waliolisababisha. Maxim ilipewa jina la Hiram Maxim, Lewis jina la Isaac Newton Lewis, na Sten, iliyokuja baadaye, inabeba herufi za kwanza za Shepherd na Turpin. Bren haina mtu. Ni mji wa Brno uliokuwa Chekoslovakia, herufi mbili, na kiwanda cha Enfield kaskazini mwa London, herufi mbili. Aliyestahili kutajwa, kama ni mtu, ni Václav Holek, mbunifu wa ZB vz. 26, ambayo ndiyo mama yake. Katika jina hilo la mama, ZB ni kiwanda cha Brno, vz. ni ufupisho wa neno la Kicheki lenye maana ya mfano, na 26 ni mwaka wa mfano wenyewe.

Waingereza walipata leseni ya kuitengeneza mwaka 1935, baada ya kuibadilisha itumie risasi yao ya .303, na bunduki za kwanza zilitoka Enfield mwaka 1937. Wajerumani walipouteka mji wa Brno mwaka 1939, ZB ikaingia kwenye orodha yao kwa jina la MG 26(t), ile t ikiwa ni ya Ucheki; na Bren walizoziteka kwa Waingereza wakaziandika MG 138(e), e ya Uingereza. Mama na binti wakahudumu pande mbili za vita, kila mmoja na jina la daftarini asilopewa na waliomuunda.

"Magazini iliyopinda ndiyo alama ya Bren"

Mpindo ni alama ya risasi. Ganda la .303 lina ukingo uliojitokeza kitakoni, na maganda ya namna hiyo yakipangwa hujikunja yenyewe. Kiwanda cha Inglis huko Toronto kilitengeneza Bren za milimita 7.92 kwa ajili ya China, na hizo zilitumia magazini iliyonyooka. Ukitaka kuitambua ZB halisi, tazama mtutu wake wenye mapezi ya kupozea; mtutu wa Bren ni laini.

"Wajapani waliiiga Bren"

Type 96 ina magazini juu na umbo linalofanana, na askari wetu wa Keya (King's African Rifles) waliokwenda Burma walipambana na jeshi lililokuwa na silaha za aina hiyo, kwa hiyo mkanganyiko unaeleweka. Lakini 96 ni tarakimu za mwisho za mwaka 2596 wa kalenda ya kifalme ya Japani, yaani 1936, kabla Enfield haijatoa hata Bren moja.

"Ilikuwa na shabaha kali kupita kiasi, ndiyo maana haikufaa"

Silaha inayopigwa kwa mafungu mafupi na mtu mmoja haidhuriwi na shabaha nzuri. Kutawanya risasi juu ya eneo pana ilikuwa kazi ya Vickers, na nimekwisha kuisema.

"L4 ni bunduki nyingine"

Ni Bren iliyogeuzwa ili itumie risasi ya NATO ya milimita 7.62. L ni herufi ya silaha za nchi kavu katika utaratibu mpya wa majina wa Uingereza. Iliendelea kutumika hadi miaka ya 1990, ingawa L7, ambayo ni FN MAG ya Ubelgiji na hulishwa kwa ukanda, ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi ya Bren na ya Vickers kwa pamoja.

Kwa wenzangu wanaoorodhesha silaha: kabla ya kuandika neno lolote daftarini, futeni vumbi kwenye mwili wa bunduki, msome jina, Mk, mwaka na alama ya kiwanda zilizogongwa pale, na mzinakili kama zilivyo, herufi kwa herufi. Nilikwisha kuikuta 7.92 BREN MK II imeandikwa "Bren ya Kiingereza .303" na karani aliyetazama umbo tu, na jibu lilikuwa limegongwa kwenye chuma, sentimita chache kutoka alipoifunga lebo yake.