Sarraf alikuwepo kabla ya benki

Wengi hudhani hawala, yaani kutumiana fedha kupitia sarraf (mbadilisha fedha) bila fedha zenyewe kusafiri, ilishika mizizi Afghanistan kwa sababu vita viliua mabenki. Nimeisoma historia ya fedha za nchi ile kwa muda mrefu, na naona kinyume chake: mgeni pale ni benki.

Ahmad Shah Durrani aliposimamisha himaya yake Kandahar mwaka 1747, vita vyake vilihitaji mikopo. Mikopo hiyo ilitoka kwa masarraf matajiri wa Kihindu wa Shikarpur, mji ulioko Sindh, Pakistan ya leo, ambao mawakala wao walienea Kandahar, Kabul hadi Bukhara. Hundi iliyoandikwa Kabul ililipwa Shikarpur bila sarafu hata moja kupanda ngamia. Waingereza walipoivamia nchi mwaka 1839, gharama za jeshi lao nazo zilipitia hundi hizohizo. Baadaye Amiri Abdur Rahman, aliyetawala 1880 hadi 1901, aliwakamua wafanyabiashara kwa kodi na kuhodhi biashara zenye faida, na mtandao ule ukadhoofika.

Benki ilikuja miaka ya 1930, kwa juhudi za Abdul Majid Zabuli, mfanyabiashara wa Herat aliyetajirika kwa biashara na Urusi. Bank-e Milli yake ilipewa ukiritimba wa kuagiza bidhaa kama sukari na petroli, ikasafirisha ngozi za kondoo wa karakuli na kuendeleza pamba kule Kunduz. Hadi Da Afghanistan Bank ilipoundwa mwaka 1939, ndiyo iliyoshika hata kazi za benki kuu. Namheshimu Zabuli, lakini benki yake ilikuwa ya wakubwa. Mkulima aliendelea kuuza mavuno yangali shambani ili apate mkopo. Mwaka 1975 Rais Daoud alizitaifisha benki, kisha vita vikazimaliza nguvu.

Sarraf hakuondoka. Katika soko la Sarai Shahzada, Kabul, kazi yake ni ileile. Kijana aliyeko Dubai humkabidhi sarraf wa huko fedha, hupewa namba ya siri na kumtumia mama yake Herat. Mama huitaja namba hiyo kwa sarraf wa Herat, akalipwa siku hiyohiyo. Deni hubaki baina ya masarraf wawili, nao hulimaliza kwa fedha zinazotumwa upande wa pili au kwa shehena ya matairi, chai na vitambaa. Anayekosa kulipa hupoteza jina, na asiye na jina hana tena wa kufanya naye biashara. Mwaka 2002, afghani mpya, sarafu ya nchi, ilipotolewa kwa kiwango cha 1 kwa 1,000 za zamani, benki kuu yenyewe iliwategemea masarraf kuzibadilisha noti.

Uchungu wangu ni Kabul Bank. Ilianzishwa mwaka 2004 na Sherkhan Farnood, mtu wa hawala, ikawa ndiyo inayolipa mishahara ya walimu, askari na polisi. Mwaka 2010 ikabainika kuwa dola zipatazo milioni 900 zilikopeshwa kwa wenye hisa na jamaa zao. Hapo wananchi waliofungua akaunti kwa mara ya kwanza maishani walijipanga foleni kudai chao.

Agosti 2021 Taliban waliingia Kabul, Marekani ikazuia akiba ya Afghanistan ya takriban dola bilioni 7, na wateja wa benki wakawekewa kikomo cha dola 200 kwa wiki. Benki kuu imeendelea kuuza dola kwa mnada ili kuilinda afghani, na miongoni mwa wanunuzi wakuu wamo masarraf.