Usafishaji wa data: kufuta faili si kuliondoa

Usafishaji wa data ni kazi ya kuhakikisha kwamba taarifa zilizokuwa ndani ya kompyuta, simu, fleshi au kifaa kingine haziwezi kusomwa tena na yeyote, kabla kifaa hicho hakijauzwa, kugawiwa au kutupwa.

Wengi hudhani wameshaifanya kazi hii wakifuta mafaili na kumwaga pipa la taka la kompyuta. Hawajaifanya. Kwenye diski za kawaida, ukifuta faili mfumo huondoa tu kumbukumbu ya mahali lilipo na kuihesabu nafasi ile kuwa tupu. Yaliyoandikwa hubaki palepale hadi yaandikwe mengine juu yake, na programu za kuyafufua zinapatikana bure. Kufomati kwa haraka nako ni vivyo hivyo. Mwaka 2003 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kuchunguza diski 158 za mitumba. Zilizofanya kazi zilikuwa 129. Zilizosafishwa ipasavyo ni 12 tu. Ndani ya nyingine walikuta maelfu ya namba za kadi za benki.

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake namba 800-88, inagawa usafishaji katika ngazi tatu: kuandika data nyingine juu ya ile ya zamani, kutakasa kwa njia ambazo hata maabara haiwezi kuzishinda, na kuharibu kifaa chenyewe. Ngazi ipi itumike hutegemea uzito wa siri na aina ya kifaa, na hapa kwenye aina ya kifaa ndipo watu wanapokosea zaidi.

Diski ya sumaku, ile yenye sahani zinazozunguka, inatosha kuandikwa upya mara moja kwa ukamilifu. Ushauri wa zamani wa kurudia mara 35 haufai kwa diski za leo. SSD, yaani diski za kisasa zisizo na sahani zinazozunguka, na fleshi ni habari nyingine. Hizi huhamisha data kutoka seli moja, yaani kijisehemu cha kuhifadhia, hadi nyingine ili zisichakae upesi, na huwa na seli za akiba ambazo kompyuta haizioni. Kwa hiyo unaweza kuandika juu ya diski nzima na bado nakala ya zamani ikabaki mahali. Sumaku kali, ambayo huua diski ya sahani, haiifanyi SSD lolote. Njia ya kuaminika ni amri ya ufutaji iliyowekwa na mtengenezaji, au usimbaji fiche, yaani kuigeuza data isisomeke bila ufunguo wake wa siri: data ikiwa imesimbwa tangu mwanzo, kuharibu ufunguo kunaiacha haisomeki. Ndiyo maana simu za kisasa zikirejeshwa kwenye mipangilio ya kiwandani husafishika vizuri. Kadi ya kumbukumbu iliyomo ndani ya simu lakini huenda isiguswe kabisa, basi itoe.

Mashine za fotokopi za ofisini husahaulika mno. Nyingi zina diski inayotunza picha za karatasi zilizopita. Mwaka 2013 kampuni ya bima ya afya ya Marekani, Affinity Health Plan, ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.2 baada ya kurudisha mashine ilizokodi zikiwa na taarifa za wagonjwa.

Kumkabidhi mtu mwingine kazi hii hakukuondolei wajibu. Benki ya Morgan Stanley ilitoa vifaa vyake kwa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na uzoefu wa kuharibu data. Baadhi viliishia kwenye mnada wa mtandaoni, na mwaka 2022 benki ikatozwa dola milioni 35. Ofisi inapaswa kuandika namba ya kila kifaa kinachotoka, na kudai cheti cha uharibifu chenye namba hizohizo.

Kifaa kisichowaka nacho kina data. Mara nyingi kilichokufa ni bodi au mfumo wa umeme, huku diski ikiwa nzima. Itoe isagwe. Simu usiitoboe wala kuiponda mwenyewe, kwa sababu betri ya lithiamu ikipasuliwa huwaka moto. Mpelekee mwenye mashine ya kazi hiyo.