MRI safi haimaanishi mtu anajifanya

Mtu mguu umelegea hauendi, au anaanguka kama mwenye kifafa, vipimo vya ubongo kama MRI (picha ya ndani ya kichwa) vinarudi safi, basi ndugu wanaanza ooh anajifanya huyu, wengine ooh karogwa. Hapana jamani. Kuna ugonjwa unaitwa FND (kwa Kiingereza functional neurological disorder), ubongo haujaharibika ila namna unavyoendesha mwili ndo imevurugika, na daktari hautaji kwa kubahatisha eti kwa sababu kakosa kitu kingine, anazo dalili zake za kuutambua. Mfano kipimo cha Hoover, kipo tangu 1908: umelala, unaambiwa kandamiza kisigino cha mguu mbovu kitandani, hakuna nguvu. Haya nyanyua ule mzima, daktari anauzuia huku kaweka mkono chini ya kile kisigino kibovu... kinakandamiza chenyewe! Nguvu zipo, kuziita kwa kukusudia ndo kunagoma. Madaktari wengine wanamwonyesha mgonjwa hapohapo, na mi naona tiba inaanzia hapo.

Ila kwenye tiba tusidanganyane, Uingereza walijaribu tiba ya maongezi kwa watu wazima 368 wanaoanguka hivyo kama wenye kifafa, majibu yakatoka 2020, baada ya mwaka idadi ya kuanguka haikupishana sana na wenzao wa matibabu ya kawaida, japo maisha ya kila siku yalikuwa nafuu.