Hiyo GPA ya kwenye transkripti siyo wanayoitumia UC

Nimeulizwa tena, na safari hii nimeamua kuandika: "Kijana wetu ana GPA ya 2.8, tunaishi California, UC ataingia au tusijisumbue?" GPA ni wastani wa alama (A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1), na UC ni Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi kadhaa. Jamani, 2.8 ya nani? Hiyo ya kwenye transkripti, yaani karatasi ya matokeo, shule imeipiga kwa hesabu zake, UC wao wanapiga upya kabisa, na hizo mbili zinaweza kupishana mpaka ukadhani ni watoto wawili tofauti.

UC wanachukua masomo ya A-G tu, yaani yale ya sekondari wanayoyadai wenyewe, kuanzia likizo ya kiangazi baada ya darasa la tisa hadi ile ya baada ya darasa la kumi na moja. La tisa halimo. Plasi na mainasi hazimo pia, B- ni B, kwa hiyo anayegombana na mwalimu kisa B+ apumzike. AP (masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari) na honazi (masomo ya kiwango cha juu) walizozikubali zinaongeza pointi moja kwa semesta ukipata C kwenda juu, mwisho semesta nane, na za darasa la kumi zisizidi nne.

Sasa tufanye mfano, masomo matano ya A-G kila mwaka, kila somo alama mbili, moja kwa semesta. Mtoto wa kwanza la tisa alivurunda, C nane na D mbili za Aljebra I. La kumi B tupu. La kumi na moja A saba, B tatu, na masomo mawili ni AP. Ukijumlisha miaka yote mitatu bila bonasi anapata 2.83, ndo hiyo mama anayolia nayo. Kwa hesabu ya UC? 3.55. Mtoto wa pili la tisa A tupu, la kumi B tupu, la kumi na moja akapata B mbili na C nane, hana AP. Jumla yake 3.07, nyumbani wote wametulia, kumbe UC wanamsoma 2.6, na mkazi wa jimbo anatakiwa 3.0. Huyu ndo wa kukosa usingizi, ila wazazi wake hawanipigiagi simu!

Ila la tisa kutohesabiwa sio kwamba halionekani. Alama zake wanaziona, na somo lenye D halijatimiza sharti. Ile D ya Aljebra I inafutika akipata C au zaidi Aljebra II, huhitaji kumrudisha nyuma. Somo lisilookolewa hivyo analirudia, na alama mpya ndo inayohesabiwa. C hairudiwi, ukirudia umejichosha bure.

Ukazi wa jimbo unasaidia, sikatai: ada nafuu, na mtu wa nje anatakiwa 3.4. Lakini 3.0 ni ruhusa ya kuomba tu, UCLA na Berkeley kila mwaka wanaacha watoto wa California wenye 4.0. SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo, msiniulize, hawaiangalii.

Kuna hili pia la "alama zinazopanda". Sisi washauri tunapenda kulisema maana linampa mzazi moyo. Wasomaji wa fomu wanauona huo mpando, ila siwezi kukuapia una uzito gani, nimeona wawili wanaofanana karibu kila kitu, kampasi ileile, mmoja kachukuliwa mwenzie kaachwa, na sababu sijaiona mpaka leo. Kama kulikuwa na ugonjwa au msiba mwaka ule, aeleze kwa ufupi kwenye kisehemu cha maelezo ya ziada, asimalize insha zote nne akiomba radhi kwa sababu ya jiometri.

Darasa la kumi na mbili haliingii kwenye GPA, na hapo ndo watoto wanalegeza. Udahili unakuja na masharti, D moja ya mwisho wa mwaka inaweza kuufuta. Halafu alama kwenye fomu anajaza mwenyewe, transkripti wanaidai baadaye, kwa hiyo anakili herufi kwa herufi, asikisie.

Yule wa 2.6 namwelekeza komyuniti koleji, chuo cha miaka miwili ambacho baadaye anahamia UC, bila aibu. Kuna mpango unaitwa TAG, akitimiza masharti anahakikishiwa nafasi ya kuhamia kampasi ya UC ya Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara au Santa Cruz, anachagua moja tu, fomu inajazwa Septemba. Alama za sekondari hawazigusi.