Choa kwa paka na mbwa: kipara kikiota manyoya, bado hujamaliza

Wengi wanaoniletea paka mwenye choa, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na fangasi, huwa wameshampaka kitu: krimu ya fangasi ya binadamu, siki, wengine hata mafuta ya mgando. Kipara kinaanza kuota manyoya, mwenye paka anaacha dawa, na wiki chache baadaye paka wa pili ana mabaka puani na mtoto ana duara jekundu mkononi.

Shida ni kwamba watu hutibu kipara, wakati fangasi imehamia kwenye manyoya. Inayowasumbua zaidi paka, na mbwa pia, ni Microsporum canis. Inakula keratini, yaani protini inayounda manyoya, kucha na tabaka la juu la ngozi. Unywele ulioambukizwa hukatika kirahisi na kudondoka ukiwa umejaa spora, yaani chembe ndogo ambazo fangasi huzitumia kuenea. Paka akijilamba, anazisambaza mwili mzima. Paka wa Kiajemi na wengine wenye manyoya marefu wanaweza kubeba spora bila kuonyesha alama yoyote, kwa hiyo nikimkuta mmoja na choa, nataka kuwaona wote wa nyumba hiyo.

Kupima naanza na taa ya Wood, inayotoa mwanga wa urujuanimno. Nazima taa za chumba, nasubiri macho yazoee giza, kisha nasogeza taa karibu kabisa na ukingo wa kipara. Sitafuti ngozi inayong'aa. Natafuta unywele mmoja mmoja unaowaka kijani cha tufaha kuanzia kwenye shina, nikiupata naung'oa kwa kibanio na kuupeleka kwenye hadubini. Magamba, vumbi na mabaki ya krimu navyo hung'aa, ila kwa weupe au ubuluu, na hapo ndipo wanaojipimia nyumbani hupotea. Isitoshe, fangasi za kundi lingine, Trichophyton, kwa kawaida haziwaki. Taa isipoonyesha kitu, nampiga paka mswaki mpya mwili mzima, nabonyeza mswaki huo kwenye kioteshi, yaani chakula maalumu cha kuoteshea fangasi, na majibu yanaweza kuchukua hadi wiki 3.

Matibabu yana sehemu mbili, na moja bila nyingine huchelewesha kupona. Dawa ya kumeza huua fangasi iliyo ndani ya vinyweleo. Kwa paka mara nyingi naandika itrakonazoli, wiki moja anakunywa, wiki inayofuata anapumzika, kwa mizunguko 3. Mwenye mimba simpi. Ketokonazoli, dawa nyingine ya fangasi, kwa paka naiepuka, inawasumbua sana. Usichukue vidonge vya binadamu ukakadiria kwa macho.

Ya pili ni kuoga mwili mzima, mara 2 kwa wiki: shampuu ya mikonazoli na klorheksidini ikae dakika 10 kabla ya kusuuza, au mchanganyiko wa chokaa na salfa ambao hausuuzwi. Huu wa pili unanuka mayai viza na kuyafanya manyoya meupe kuwa ya njano, lakini unafanya kazi vizuri. Mashine ya kunyolea iache, inachubua ngozi na kutawanya choa. Manyoya marefu yapunguze kwa mkasi usio na ncha kali.

Nyumbani, ondoa manyoya kwanza. Dawa ya klorini haina maana juu ya sakafu yenye manyoya na vumbi. Fagia au tumia mashine ya kufyonza vumbi, osha kwa sabuni, suuza, ndipo upake klorini iliyochanganywa na maji (kipimo 1 cha klorini kwa vipimo 32 vya maji) na uache dakika 10. Usiichanganye na sabuni wala dawa nyingine, mvuke wake ni hatari. Matandiko yafue mara 2 bila kujaza mashine. Maji baridi yanatosha, msukosuko ndio unaoondoa spora.

Mtoto mwenye alama apelekwe kwa daktari wa binadamu, na asipakwe krimu yenye steroidi, maana huficha choa huku kikienea.

Paka mwenye afya anaweza kupona bila dawa, lakini kwa miezi hiyo yote anamwaga spora nyumbani. Ndiyo maana sikubali kuacha matibabu kwa kumtazama paka kwa macho tu. Narudia kipimo cha mswaki, na kikitoka safi mara 2, wiki moja baada ya nyingine, tunafunga faili. Wakati wa matibabu mweke kwenye chumba kinachosafishika, na kama ni mtoto wa paka endelea kucheza naye ukiwa umevaa glavu na mikono mirefu. Akitengwa bila kuguswa katika umri huo, atakua akiwaogopa watu.