Wimbo wa kolibri ni upi hasa?

Kolibri, au ndege mvumaji, ni ndege wa Amerika peke yake, aina zaidi ya 360, wanaofyonza mbochi wakiwa wameelea hewani. Yule anayerukia maua ya mgomba huku kwetu ni chozi, wala hawana undugu wa karibu. Kolibri nduguye ni teleka. Hilo tuliache.

Kinachonikera ni video za misitu ya milima ya Andes zinazoandikwa "sikilizeni wimbo wa kolibri", kisha unachosikia ni vuuu ya mabawa mwanzo hadi mwisho. Jina nalo limechangia. Kuvuma ni kazi ya upepo, nyuki na ngoma, koo halihusiki. Aliyemwita mvumaji alisikia mabawa, na hakukosea. Kosa ni kuuita mvumo huo wimbo.

Mvumo hutoka ndege akiruka, apende asipende. Mlio ni wa kooni, mfupi mkali, na utausikia zaidi wakifukuzana kwenye maua. Wimbo ni habari nyingine: aghalabu ni dume aliyetua tawini, anarudia maneno yaleyale hadi uchoke wewe. Tena kolibri ni miongoni mwa makundi machache ya ndege wanaojifunza nyimbo kwa kusikiliza wenzao, pamoja na kasuku. Ndiyo maana madume wa aina moja wakikusanyika sehemu mbili za msitu uleule, huenda hapa wakaimba hivi na pale vingine. Anayedai kumjua kila kolibri kwa rekodi moja ana safari ndefu.

Sisemi mvumo ni bure. Katika milima ya Rocky, Amerika Kaskazini, kuna kolibri aitwaye Selasphorus platycercus, ambaye dume lake hutoa mvumo mwembamba kama sauti ya nyenje kila anaporuka. Unatoka kwenye ncha za manyoya ya nje ya bawa, na manyoya yakichakaa unafifia. Jike hana mvumo huo. Kwa hiyo sikio linaweza kukupa aina na jinsia kabla ya jicho, bila koo kufunguka.

Jicho nalo lina hila zake. Rangi ya koo hutokana na jinsi manyoya yanavyorudisha mwanga, hivyo kwenye ukungu au kivuli lile koo la zambarau huwa jeusi tii. Bora utazame mdomo, mkia na miguu: kolibri wa jenasi Ocreatus ana vishungi vya manyoya miguuni na dume ana mkia wenye vibao viwili nchani, na yule aitwaye Ensifera mdomo wake unaushinda mwili kwa urefu ukiondoa mkia.

Basi ndugu mwenye video, andika tu "mabawa ya kolibri", nasi tutakuelewa. Ukitaka wimbo, muache huyo wa kwenye ua, umtafute aliyetua.