Je, wajua kwa nini daktari hutoa maji kwenye goti lililovimba?

Msimu wa korosho ukifika huku Tandahimba, mkoani Mtwara, tunainama tangu alfajiri kuokota na kunyonyoa korosho kwenye mabibo. Mwaka jana goti la mjomba wangu lilivimba hadi ngozi ikang'aa. Hospitalini walipomwambia watalitoa maji kwa sindano, alikataa katakata: "Mkinitoa maji, goti litakauka."

Hofu hiyo naisikia kila mahali, nayo inastahili kujibiwa. Goti zima, yaani lisilo na ugonjwa, lina ute kidogo mno, hauzidi mililita 4 hivi, chini ya kijiko cha chai. Ute huo hutengenezwa na utando mwembamba ndani ya kiungo, na utando hauachi kazi hata maji yakitolewa. Kwenye goti lililovimba yanaweza kujaa mililita 50 na zaidi. Kinachotolewa ni hiyo ziada, ndiyo maana maumivu hupungua upesi.

Ila sababu kubwa ni kutaka kujua ugonjwa. Jongo (gauti), baridi yabisi na usaha vyote huvimbisha goti, na kwa macho vinafanana. Ute ndio unaosema. Ule wa goti zima ni wa manjano hafifu, na tone lake likidondoshwa huvutika kama mlenda. Kiungo kikiwaka moto kwa ndani, ute huwa mwepesi kama maji, tena wenye ukungu.

Maabara huhesabu chembe nyeupe za damu zilizomo kwenye ute. Goti zima huwa na chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo. Zikipita 50,000, daktari hushuku usaha, na hapo hakuna kusubiri, maana bakteria huweza kuharibu gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, ndani ya siku chache. Ndiyo maana goti la moto lenye homa si la kukandwa wala kuchanjwa chale nyumbani. Lipelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Jongo nalo hujulikana kwa fuwele, yaani chembe ngumu kama za chumvi, nyembamba zenye ncha, zinazoonekana kwa darubini maalumu. McCarty na Hollander wa Marekani walilionyesha hilo mwaka 1961.

Mjomba alikubali mwishowe. Ngozi ilisafishwa, akapigwa ganzi, sindano ikaingia pembeni ya pia ya goti. Hakuna kisu, hakuna mshono. Mabomba mawili ya sindano yalijaa maji ya manjano yenye ukungu, akayatazama kwa mshangao: "Yote haya yalikuwa gotini mwangu?" Fuwele zilionekana. Lilikuwa jongo, akaanzishiwa dawa yake, akatoka akitembea na plasta ndogo tu.